Sura ya Tano: Baada ya Wengine Kurudi Makazini

Muulize mwindaji yeyote wa Iowa mgeni aanze kuwinda lini, atakujibu bila kufikiri: Novemba. Ana sababu. Katikati ya mwezi huo kulungu wa mkia mweupe huwa wanapandana, na dume aliyejificha mwaka mzima hutoka mchana kweupe, pua chini, akifuata harufu ya jike kuvuka mashamba na barabara kuu bila kutazama kushoto wala kulia. Mtu aliyekaa juu ya mti siku hiyo anaweza kupata mnyama bila kujua lolote kumhusu. Ugomvi wangu na Novemba unaanzia hapo. Kulungu aliyepitishwa mbele yako na wazimu wa majira hakufundishi kitu, na mwaka unaofuata utarudi kwenye mti ule ule ushangae mbona pori limehama.

Mimi humshauri anayeanza asubiri mwisho wa Desemba. Wakati huo mahindi yameshavunwa, ardhi imeganda, na wengi wa wawindaji waliovaa rangi ya chungwa wamesharudi makazini. Kulungu waliobaki wamewindwa tangu Oktoba, kwa hiyo ni wajanja; lakini wamebakiwa na shughuli moja, nayo ni tumbo. Anayeweza kujua wanakula wapi, wanatoka saa ngapi na wanapita njia ipi, amemjua mnyama. Asiyeweza atarudi nyumbani vidole vya miguu vimekufa ganzi, ila akiketi karibu na hita ataweza kusema ni wapi alipokosea. Novemba hata ukikosa hujui kwa nini umekosa.

Jimbo la Iowa hugawa msimu wake vipande vipande. Upinde na mishale huanza Oktoba 1. Shotgani zina vipindi viwili ndani ya Desemba. Kisha, siku chache kabla ya Krismasi hadi Januari 10, inakuja zamu ya gobori. Msomaji wa Tabora au Rukwa akisikia gobori anawaza bomba la maji lililofungwa kwenye kipande cha mti, na askari wa wanyamapori wanaolitafuta. La Iowa lina mtutu wa chuma kisichoshika kutu na darubini juu yake, na linauzwa dukani. Utaratibu wake lakini ni ule ule wa babu zetu: baruti kwanza, risasi juu yake, shindilia kwa mdeki, weka fataki, na ukishafyatua umemaliza. Kupakia tena kunachukua muda ambao kulungu hatakupa. Kwa mwanafunzi hilo ni jambo jema, kwa sababu mwenye risasi moja hujifunza kuacha kupiga.

Kule kwetu Afrika Mashariki uwindaji una sura mbili tu katika fikra za watu: tajiri aliyetoka ng'ambo na kibali cha bei mbaya, au jangili. Kenya iliupiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni na vitalu, lakini mkulima wa kawaida hauoni kuwa ni wake. Iowa ni tofauti. Fundi bomba anawinda, mwalimu anawinda, dereva wa basi la shule anawinda. Masharti ni leseni na, kwa aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972, cheti cha mafunzo ya usalama.

Wingi huo haukuwapo zamani. Karne ya 19 walowezi walikula kulungu, wakauza nyama na ngozi, wakakata misitu, hadi mwaka 1898 Iowa ikafunga uwindaji wa kulungu kwa kuwa karibu hapakuwa na cha kuwinda. Karibu na mwaka 1900 nchi nzima ya Marekani ilikadiriwa kuwa na kulungu hawa chini ya nusu milioni. Sheria ya Lacey ya mwaka huo ilibana biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kati ya jimbo na jimbo. Mwaka 1937 Bunge la nchi likaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye hifadhi ya wanyamapori. Anayenunua pakiti ya risasi leo bado anaichangia. Iowa ilifungua tena msimu wake Desemba 1953. Siku hizi wawindaji wa jimbo hilo huua karibu kulungu laki moja kwa mwaka, na nchi nzima inakadiriwa kuwa nao milioni 30 hivi. Mbwamwitu aliyekuwa akiwapunguza hayupo tena Iowa. Kazi yake imegawanywa kati ya bunduki na vioo vya mbele vya magari.

Jambo hili la kuwapunguza linamkera mgeni, na ni bora tulimalize mapema. Jike utakayempiga mwishoni mwa Desemba karibu hakika ana mimba. Alipandwa Novemba, au mwezi mmoja baadaye kama mara ya kwanza haikushika, na angezaa mwishoni mwa Mei au Juni. Nimeona watu wazima wakiweka bunduki chini kwa sababu hiyo, na sitawacheka. Lakini Aldo Leopold, mwanahifadhi mzaliwa wa mji wa Burlington hapa hapa Iowa, mwaka 1887, alitumia miaka ya 1940 akibishana na wawindaji wenzake wa Wisconsin juu ya neno hilo hilo. Wao walitaka kupiga madume tu. Yeye aliwaonyesha misitu iliyotafunwa hadi kimo cha shingo ya kulungu, na kulungu waliokufa njaa chini yake. Ukiua dume, dume mwingine atafanya kazi yake, na idadi inabaki pale pale. Anayetaka idadi ishuke lazima apige majike. Leopold alitukanwa sana magazetini kwa hesabu hiyo.

Sasa tumrudie mnyama mwenyewe. Si ndugu wa karibu wa kulungu wa misitu ya Usambara. Huyu dume wake huangusha pembe kila majira ya baridi na kuota nyingine. Dume aliyekimbiza majike wiki kadhaa anaweza kuwa amepoteza robo ya uzito wake, na mbele yake kuna Januari na Februari. Mwili wake umejipanga kwa hilo. Nywele za nje zina uwazi ndani, chini yake kuna manyoya laini mazito, na joto halitoki: theluji huweza kukaa mgongoni mwake isiyeyuke. Hupunguza mwendo. Hulala kutwa kwenye mteremko unaotazama kusini, maana huku kaskazini jua la majira ya baridi hupita chini upande wa kusini, na mteremko unaotazama kaskazini hulipata kwa shida. Sisi tuliozaliwa jirani na ikweta, ambako jua halina upande, hili hatulifikirii mpaka tuambiwe. Ukiwa na ramani ya vilima mkononi, futa nusu ya msitu kabla hujatoka nyumbani.

Tumbo lake lina vyumba vinne, kama la ng'ombe, na bakteria wanaomsagia chakula hubadilika polepole kufuata majira. Ndiyo maana rundo la mahindi analomwagiwa ghafla na mtu mwenye huruma laweza kumuua akiwa ameshiba. Iowa imekataza kuwavuta kulungu kwa chambo, kwa hiyo mwindaji hana budi kutafuta chakula kilichoachwa na mkulima. Na kinaachwa kingi. Mashine za kuvunia hudondosha punje na maganda ya soya kila zinapopinda mwisho wa mstari. Swali ni trekta ilifanya nini baadaye. Shamba lililolimwa tena baada ya mavuno limezika chakula chote. Lililoachwa na mabua yake litalisha kulungu hadi Machi. Na mkulima aliyezuiwa na tope akaacha kona ya soya haijavunwa, huyo ndiye mtu wa kumtafuta.

Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Iowa ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo kumtafuta maana yake ni kugonga mlango. Jirani yangu wa Cedar Rapids, mzaliwa wa Uvira aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa na hofu yake juu ya hilo, nami sikuidharau: Mwafrika kusimama kwenye kibaraza cha mtu asiyemjua, mashambani, kuomba aingie na bunduki. Tulikwenda mchana, Jumapili, tukitoka kanisani, na suti zetu. Mzee aliyefungua mlango alitutazama viatu, akamsikiliza jirani yangu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mtapiga majike?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi karibuni. Madume nimemwekea mjukuu wangu. Hao wengine wananila."

Desemba milango hufunguka kirahisi kuliko Oktoba. Mjukuu ameshapata dume lake au amekata tamaa, wageni wa mjini wameondoka, na soya bado inaliwa. Leseni za wasio na pembe hutolewa kwa idadi maalumu kwa kila kaunti; ukiwa nayo mfukoni unapoongea na mwenye shamba, maneno hupungua.

Jirani yangu hakuwa amewahi kushika gobori, lakini amelelewa na watu waliotega wanyama, na macho yake hayakuhitaji mafunzo ya jimbo. Tulizunguka ukingo wa shamba mchana, jua likiwa juu. "Nyama anaingilia hapa, kaka," aliniambia, akionyesha mahali waya wa uzio ulipolegea. "Angalia nywele. Na mavi haya ni ya usiku, yale ni ya juzi." Theluji hufanya kila mtu awe msomaji wa nyayo, hata asiye na kipaji. Njia zilitoka mteremko wa kusini, zikashuka kwenye korongo, zikaungana karibu na uzio, zikatawanyika kwenye soya. Ramani nzima ya maisha ya kundi lile ilikuwa chini ya miguu yetu.

Kujua njia ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni upepo. Kulungu haoni vizuri rangi ya chungwa, ndiyo maana sheria inaweza kukulazimisha uivae, wawindaji wenzako wakakuona, yeye asikuone. Pua yake lakini haidanganyiki. Mabaharia wa kwetu wangesema ukae upande wa demani, upepo upite kwa mnyama kwanza ndipo ufike kwako. Katika nchi ya vilima kuna upepo wa pili, ambao taarifa ya hali ya hewa haiutaji. Mchana hewa iliyopata joto hupanda mteremko. Jua likitua, hewa baridi huwa nzito na kuteremka korongoni. Jioni ya kwanza jirani yangu alikaa vizuri kwa upepo wa saa tisa. Saa kumi na nusu hewa iligeuka, ikabeba harufu yake moja kwa moja hadi kwenye korongo, na jike mmoja mkubwa akapiga chafya ile kali wanayopiga wakishtuka, akainua mkia. Weupe ule ukaonekana mara sita au saba kati ya miti, na jioni ikaishia hapo. Jirani yangu alihamisha dungu lake hadi upande mwingine wa uzio, chini kidogo ya njia, ambako hewa ya jioni ingemwagika kwenye kijito kisichopitiwa na mnyama.

Asubuhi msimu huu hatuwindi. Kulungu hula usiku kucha, na ukija gizani utawakuta shambani, uwatimue kabla hujakaa. Jioni ndiyo saa yake: ingia saa nane mchana wangali wamelala, ungoje. Jua la Desemba hutua kabla ya saa kumi na moja, na sheria inakupa nusu saa zaidi. Tatizo linalosahaulika ni kutoka. Giza likiingia shamba lina kulungu, nawe uko juu, na ukishuka mbele yao watajua dungu lile lina mtu. Mwenye shamba wetu alikuwa akija na gari lake la mizigo, taa zimewaka, akipita katikati ya soya. Kulungu hukimbia gari, lakini kwa kuwa wamelizoea, kesho hurudi.

Juu ya baridi nitasema machache, kwa sababu kila mtu aliyepita majira mawili Marekani ameshajifunza kuvaa. Nyuzi 15 chini ya sifuri si ajabu. Kosa la mgeni ni kuvaa kila kitu nyumbani, akatembea, akatoka jasho, kisha akakaa saa tatu na jasho lile. Beba koti begani, livae ukishafika. Sufu ina faida moja isiyoandikwa kwenye bei: haisemi. Nguo za plastiki zikiganda hutoa sauti kila ukigeuza shingo. Na gobori lisiingie ndani ya nyumba yenye joto likiwa limepakiwa: chuma baridi kikipata joto hutoa jasho ndani ya mtutu, baruti ikalowa, na kesho utasikia fataki peke yake. Toa fataki, liache baridini penye kufuli.

Wanapotoka, wa kwanza mara nyingi ni watoto wa mwaka huu. Hawana subira. Mwanafunzi akiona mnyama asiye na pembe amesimama peke yake shambani saa kumi, damu inamwenda mbio na kidole kinaanza kuwasha. Angoje. Huyo wa peke yake huenda ni dume mchanga, pembe zake bado vifundo chini ya ngozi, na hakuna mzee wa shamba atakayekushukuru kwa huyo. Jike mkubwa ana uso mrefu na utosi wa mviringo. Mdogo ana uso mfupi, na wa kiume utosi wake huonekana bapa. Ukiwaona wawili bega kwa bega hutakosea. Kadiri Januari inavyokaribia unaongezeka mtego mwingine, yaani dume mzima aliyeshaangusha pembe.

Jike ambaye jirani yangu alimpata alitoka wa nne. Alisimama kwenye uzio muda mrefu wa kuudhi, akanusa, akainamisha kichwa kana kwamba anakula kisha akakiinua ghafla, ujanja wao wa kumkamata anayejisogeza. Alipogeuka ubavu, risasi ilipita nyuma ya bega. Moshi wa gobori hukuficha kila kitu, hivyo mpigaji wa gobori huamini masikio yake na theluji. Tulingoja. Mnyama aliyejeruhiwa akifuatwa mapema hukimbia kwa hofu umbali ambao asingeenda. Akiachwa hulala karibu. Damu ndiyo inayokwambia ungoje kiasi gani. Ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Nyeusi nyeusi ni ya ini. Ikiwa na majimaji ya kijani yenye harufu, umempiga tumboni, na hapo nenda nyumbani ukarudi baada ya saa nyingi, uchukie usichukie. Yetu ilikuwa ya waridi.

Waislamu wengi wanaoishi huku huniuliza kama nyama hii ni halali. Wanazuoni wengi wa zama hizi huruhusu mnyama aliyewindwa kwa risasi, kwa sharti mwindaji ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua. Akimkuta bado hai, amchinje. Asiye na hakika amuulize shehe wake kabla ya kununua leseni.

Tulipomfikia jike wetu, kilichofuata kilinipa raha ya pekee. Jirani yangu hufanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama. Mwenye shamba, mwindaji wa miaka mingi, alikuwa ameshika tochi akijiandaa kutoa maelekezo ya namna ya kupasua, akajikuta hana la kusema. Kisu kilizunguka, kikapita chini ya ngozi bila kugusa kibofu wala utumbo, matumbo yakatoka kwa mkupuo, na theluji ikapokea yote. "Nani amekufundisha?" aliuliza mzee. "Nguruwe, mzee," alijibu jirani yangu. "Elfu kwa elfu."

Lebo hufungwa mnyama angali porini, na taarifa hutolewa kwa jimbo, kwa simu au intaneti, kabla ya usiku wa manane wa siku inayofuata. Kwa namba hizo wataalamu hupanga leseni za mwaka ujao. Tulipeleka pia sampuli ya tezi za shingo ipimwe ugonjwa sugu wa kudhoofisha kulungu, uliogunduliwa Colorado mwaka 1967 na kuonekana kwa kulungu wa porini wa Iowa mwaka 2013. Huletwa na protini iliyoharibika, haufi kwa kupikwa, na ingawa hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata, mamlaka za afya za Marekani hushauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Subiri majibu ndipo ugawe nyama.

Majibu yalikuwa mazuri. Mafuta ya kulungu hugandamana kinywani mithili ya nta, kwa hiyo yote yaliondolewa. Minofu ya mgongo ikawa mishkaki ya moto mkali na dakika chache, maana nyama isiyo na mafuta ukiizidishia inakuwa kamba. Shingo na mabega, yenye mishipa mingi, yalichemshwa kutwa na tangawizi, mke wa jirani yangu akiyasimamia. Yeye ndiye aliyekuwa akisema tangu mwanzo kwamba mtu mwenye friji iliyojaa kuku hana haja ya kukaa juu ya mti kwenye baridi. Mguu mmoja wa nyuma ulikwenda kwa mwenye shamba. Aliupokea mlangoni, akaupima kwa mkono, na kabla ya kusema ahsante akauliza kama tungeweza kurudi kabla ya Januari 10, kwa sababu wale wengine bado wako kwenye soya yake.